Tambarare Sio Tupu: Nani Anaamua Pembetatu Ziende Wapi?

Wasee, kama una ile programu ya kuonyesha dunia nzima kwa simu, hebu ifungue. Tafuta Longonot, inamisha picha mpaka mlima usimame, kisha zunguka ukingo wa kreta kwa kidole. Ukimaliza, ruka mpaka Suswa. Simu ni ya 12,000, bando ni ya 50, na Bonde la Ufa lote limekaa kwa kiganja. Wengi wetu tunaona hivyo, tunasema "poa," tunarudi kwa video.

Lakini wahenga walishasema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nikikuonyesha vile hiyo kitu imeundwa, nadhani tutakubaliana kwa mambo mawili. La kwanza, wazo lililo ndani yake ni kati ya mawazo safi sana kuwahi kutoka kwa watu wa kompyuta. La pili, tukilichukua vile lilivyo na kulitumia kwa kila kazi, litatuumiza sisi tunaoishi mahali maji hujileta bila kualikwa.

Tuanze na hesabu. Msitoroke, ni fupi.

Kenya ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 580,000. Tuseme mtu amepima urefu wa ardhi kila baada ya mita 30, kaskazini hadi kusini, mashariki hadi magharibi. Anapata vipimo karibu milioni 645. Sasa unganisha vipimo vinne vinne vikuwe mraba, kata kila mraba mara mbili, na umepata pembetatu kama bilioni 1.3. Hizo ndizo zinatakiwa zichorwe ili uone nchi yote kwa undani wote.

Skrini ya simu ya bei ya chini ina pikseli 720 kwa 1,600. Zidisha: ni pikseli kama milioni 1.15. Kwa hivyo ukitaka kuona Kenya nzima, kila pikseli moja inagombaniwa na pembetatu zaidi ya 1,000. Ni abiria elfu moja kwa kiti kimoja cha matatu. Simu itapata moto, betri itaisha, na picha utakayoona haitakuwa na tofauti yoyote na ile ambayo ingechorwa na pembetatu chache.

Kwani ni lazima iwe pembetatu? Fikiria kigoda cha miguu mitatu. Ukiweka kwa sakafu yoyote, hata ile ya nyanya kule ocha yenye mashimo, hakiyumbi. Kiti cha miguu minne kinayumba. Nukta tatu daima hukaa kwa bapa moja, nukta nne zinaweza kukataa. Ndio maana chipu za grafiki, kutoka kwa simu mpaka kwa mashine za gemu, zimejengwa kuchora pembetatu kwa kasi ya ajabu. Ardhi yote unayoona kwa skrini, kutoka Mlima Kenya mpaka ufuo wa Diani, ni wavu wa pembetatu zilizoshikana na kuvalishwa picha juu.

Sasa kuna ujanja. Badala ya kutandaza pembetatu zilizolingana kila mahali, unaanza na mbili kubwa zinazofunika eneo lote. Unapima: pembetatu hii imekosea urefu wa kweli wa ardhi kwa mita ngapi? Ikiwa imekosea sana, unaikata katikati. Unapima tena. Mahali ardhi imepinda, kama kwa miteremko ya Elgeyo, unakata na kukata mpaka pembetatu zinakuwa ndogo kama mchele. Mahali ardhi imelala, unaacha pembetatu moja kubwa inyooshe miguu.

Wazo la kuweka vipimo vingi pale ardhi inabadilika na vichache pale imetulia ni la miaka ya 1970, wakati Thomas Peucker na wenzake huko Kanada walikuwa wanatafuta njia ya kuhifadhi ardhi kwa kompyuta zilizokuwa na kumbukumbu ndogo sana. Mwaka 1996 Hugues Hoppe wa Microsoft akaongeza jambo tamu. Unachukua wavu wenye undani wote, unakunja ukingo mmoja mpaka kona zake mbili ziwe moja, na hiyo hatua unaiandika kwa daftari. Unakunja mwingine, unaandika. Ukifika mwisho una wavu mwepesi sana pamoja na daftari. Ukitaka undani urudi, unasoma daftari kinyumenyume. Mtu wa bando ndogo anapata mlima wa kukisia haraka, na ukiendelea kuingia unazidi kuchongeka.

Mwaka 1997, Mark Duchaineau na wenzake wakatoa mbinu inayoitwa ROAM, ambapo kompyuta inakata na kuunganisha pembetatu kila wakati kulingana na pale mtazamaji amesimama. Kipimo kikawa, "hili kosa litaonekana kwa ukubwa gani kwa skrini?" Kosa la mita 10 kwa mlima ulio kilomita 10 mbali ni kama pikseli moja tu. Hakuna jicho litakaloliona, kwa hivyo liache. Kosa hilo hilo likiwa kilomita 1 kutoka kwako ni kama pikseli 10, na hapo mlima utaonekana umekatwa na panga. Kata pembetatu zaidi.

Kuna na kazi ya fundi hapo. Ukikata pembetatu moja na jirani yake ukamwacha, kona mpya inakosa mwenzake upande wa pili, na ardhi inapasuka ufa unaoonyesha anga chini ya mlima. Ni kama mabati mawili yasiyopandana vizuri: mvua itakuambia. Dawa yake ni kumlazimisha jirani naye akatwe, na jirani wa jirani ikibidi, mpaka mshono ufunge.

Kufika 2004, Frank Losasso na Hoppe walichukua ramani ya urefu ya Marekani nzima, GB 40, wakaibana ikaingia kwa MB 355, na wakairusha kwa skrini bila kukwama. Soma hizo namba mara mbili. Nchi nzima ndani ya nafasi ambayo leo ni kama filamu moja isiyo na ubora mkubwa. Na nyinyi wachezaji wa gemu, ule mfumo wa Nanite ulio ndani ya Unreal Engine 5 iliyotoka 2022, unaofanya mawe na kuta zionekane kama za kweli hata ukisimama karibu kabisa? Ni ukoo huo huo. Unagawa umbo kwa vifurushi vya pembetatu na kuchagua kila kifurushi kipewe undani kiasi gani kulingana na kile kitaonekana.

Mimi napenda wazo hili kwa sababu lilizaliwa na uhaba. Walioliunda walikuwa na mashine dhaifu kuliko simu ya mtu yeyote anayesoma hapa. Hawakusema "ngoja tununue kubwa zaidi." Walijiuliza ni nini hasa kinahitajika, na wapi. Kila siku naona watu wetu kwa mitandao wakiamini kwamba ubora ni kuongeza: pikseli zaidi, GB zaidi, kila kitu zaidi. Ukweli ni kwamba ukitaka kumfikishia kitu msee wa Lodwar mwenye simu ya zamani na mtandao wa kuvutavuta, utalazimika kujua cha kuacha. Kama unasomea programu na unajenga kitu cha Wakenya, hili ndilo somo la kwanza ningekupa.

Sasa tuje kwa ugomvi wangu.

Rudi kwa lile swali ambalo kompyuta hujiuliza: hili kosa litaonekana? Litaonekana na nani? Na jicho. Jicho la mtu anayeruka juu ya ardhi kama ndege, anayefurahia milima. Kwa jicho hilo, Mlima Kenya unastahili maelfu ya pembetatu, na uwanda wa Kano unastahili chache tu, kwa sababu ni tambarare na "hakuna kitu."

Maji hayana macho. Tuseme uwanda unashuka mita 1 kwa kila kilomita. Mto ukifura na maji kupanda nusu mita, yatasambaa mita 500 zaidi. Hizo ni nyumba ngapi? Ni shule ngapi, ni mashamba mangapi ya mpunga? Sasa peleka nusu mita hiyo hiyo kwa mteremko mkali wa mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 1. Maji yatasogea nusu mita, basi. Huwezi hata kulowa viatu.

Umeona shida? Kosa la mita 1 kwa mlima ni mchezo. Kosa la mita 1 kwa uwanda kama huo ni kilomita nzima ya watu. Lakini wavu uliotengenezwa kwa ajili ya jicho unafanya kinyume: unamwaga undani mlimani na kubania tambarare. Ahero, Budalang'i, Garsen na delta ya Tana, hata South C pale Nairobi, ni mahali ambapo wavu kama huo ungesema "hapa tumemaliza" mapema kabisa.

Na kuna matuta. Kule Budalang'i, kinachotenganisha watu na mto Nzoia ni kingo za udongo zilizojengwa na mikono ya watu, na zimewahi kupasuka zaidi ya mara moja. Tuta lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita chache halionekani kabisa kwa vipimo vya kila mita 30. Hata ukiwa na vipimo bora zaidi, ukiiambia kompyuta "punguza pembetatu, nakubali kosa la mita 5," tuta ni la kwanza kufutwa. Kwa kompyuta ni kichomozo kidogo kisicho na maana. Kwa mama aliye nyuma yake ndicho kila kitu.

Halafu hivyo vipimo vyenyewe vina historia. Vile vimetumika sana duniani vilichukuliwa Februari 2000, wakati chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada karibu asilimia 80 ya nchi kavu. Kazi kubwa sana, heshima. Lakini data iliyofunguliwa kwa umma ya nje ya Marekani ilikuwa ya kila mita 90, huku ya Marekani yenyewe ikiwa ya kila mita 30. Hiyo ni mara tisa zaidi ya vipimo kwa eneo lile lile. Ile ya mita 30 ya Afrika ilianza kutolewa Septemba 2014. Kutoka 2000 mpaka 2014, mtoto aliyezaliwa siku chombo kinapita juu ya Kisumu alikuwa ashamaliza darasa la nane. Chombo kilipima ardhi yetu kwa undani, lakini undani ukakaa kwa kabati.

Na hata baada ya kabati kufunguliwa, rada ile huona sehemu za juu. Msitu unaonekana kama kilima, mtaa wa mabati unaweza kuonekana umeinuka kuliko ardhi yake, na daraja linaweza kuonekana kama ukuta umezuia mto. Ukimwaga maji ya kompyuta juu ya ardhi ya namna hiyo, yataenda mahali ambapo maji ya kweli hayaendi, na kukwepa mahali ambapo yanaenda.

Najua mtu ashaanza kuandika: "Kwani mafuriko huletwa na pembetatu?" Hapana. Huletwa na mvua, mitaro iliyozibwa, na kujenga mahali mto unapopitia. Mwaka 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 katika nchi hii, na ramani nzuri peke yake haingewaokoa wote. Lakini ramani huamua mambo. Huamua nani anaonywa mapema, barabara ya kukimbilia ni ipi, nyumba gani iko salama. Baada ya mafuriko hayo, nyumba kando ya mito ya Nairobi zilibomolewa, na kipimo kilichotajwa sana kilikuwa mita 30 kutoka kwa ukingo. Mita 30. Kwa ile data ya bure niliyokuambia, hiyo ni hatua moja tu kutoka kipimo hadi kipimo kinachofuata. Maisha ya familia yanaweza kuingia ndani ya hatua moja ya gridi na gridi isijue. Kwa hivyo yeyote anayekuja mtaani na ramani anafaa kuulizwa: hii ardhi mliipima lini, kila baada ya mita ngapi, na mmekubali kosa la kiasi gani?

Mwingine atasema dawa ni undani wote kila mahali. Tumeshapiga hesabu hiyo. Utaua simu za watu, na bado pesa za kupima nchi nzima kwa sentimita hazipo. Tena hakuna haja. Uzuri wa wavu wa pembetatu ni kwamba unaruhusu upendeleo. Tatizo ni kwamba tumeacha upendeleo uamuliwe na jicho la mtalii.

Naona mambo matatu yanayoweza kufanyika.

Moja, mistari ya lazima. Watu wa mbinu hizi wanajua kitambo kwamba unaweza kuiambia kompyuta: punguza utakavyo, lakini mstari huu usiguse. Mstari wa tuta, wa mtaro, wa ukingo wa mto, wa barabara iliyoinuliwa. Kona za pembetatu zinalazimika kufuata mstari huo hata kama jicho halitaona tofauti. Ramani yoyote ya mafuriko ya Kenya isiyo na mistari ya lazima ya matuta na mitaro, mimi siiamini.

Mbili, kufungua vipimo. Kila barabara kubwa, kila mradi wa maji taka, kila reli hapa nchini huanza na watu wa kupima wakiwa na vyombo vyao vya miguu mitatu. Urefu wa ardhi hupimwa vizuri kuliko setilaiti yoyote. Vikilipwa na ushuru wetu, vipimo hivyo vinafaa viwekwe wazi ili mwanafunzi wa Maseno ama wa Juja aweze kuviingiza kwa wavu wake. Kukaa kwa diski za ofisi hakumsaidii mtu.

Tatu, sisi wenyewe. Mwaka 2009, Kibera ilikuwa karibu tupu kwa ramani za wazi za intaneti, mpaka vijana wa pale pale walipotembea mtaa na kuuchora kupitia Map Kibera. Urefu wa ardhi ni kazi ngumu zaidi, sitakudanganya. Urefu unaopewa na simu yako unaweza kukosea kwa mita kadhaa, kwa hivyo usiutumie kupima tuta. Lakini kuna kitu simu yako na futi ya fundi vinaweza kufanya: alama za maji. Mafuriko yakipita huacha mstari wa matope kwa ukuta. Pima kutoka chini hadi kwa ule mstari, piga picha, andika tarehe na mahali. Alama kama hizo 50 za mtaa mmoja zinatosha kumwonyesha mtaalamu kama wavu wake unasema ukweli ama umechora tambarare ya kubuni. Maji yamekupimia bure, kilichobaki ni kuandika.

Na kama uko shule na unajiuliza hesabu itakusaidia nini, urefu wa ardhi popote ndani ya pembetatu unapatikana kutoka kwa urefu wa kona zake tatu, kwa milinganyo ya mstari ambayo mwalimu wako anaichora ubaoni wakati unaangalia saa. Hakuna uchawi. Kinachohitajika ni watu wanaojua hesabu hiyo na pia wanajua ni kona gani ya mtaa hujaa kwanza mvua ikinyesha. Wale wa kwanza wako wengi duniani. Wa pili ni wewe.

Sasa nijibu hapo chini. Kama ungepewa pembetatu kumi tu za ziada za mtaa wako, ungeziweka wapi? Usiniambie "kila mahali," tushatoka huko. Taja mtaro, taja daraja, taja ile njia ya nyuma ya soko ambayo hugeuka mto, na useme ni kwa nini. Nitasoma zote.